MAMBO YA SHERIA: Bima ya Pikipiki Humlinda Nani?

Kila alfajiri, barabara itokayo Naivasha na kuzunguka upande wa kusini wa ziwa hujaa pikipiki. Hupita Karagita na mashamba ya maua, hufika Kamere, na nyingine huendelea hadi Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umetoa umeme tangu mwaka 1981. Abiria ni vibarua wa maua, mafundi, na akina mama waendao sokoni. Malori mazito nayo hupita papo hapo. Ajali zikitokea, wako wanaoumia wasipate hata senti moja, wala si kwa kuwa sheria imewasahau.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka kila mwendeshaji awe na leseni. Leseni hutolewa na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Daraja la A2 ni la pikipiki ya matumizi ya mtu binafsi. Achukuaye abiria kwa malipo hutakiwa awe na A3. Abiria ni mmoja tu, na sharti wote wawili wavae helmeti na koti lenye kung'aa.

Tena Sura ya 405 yalazimisha kila pikipiki iwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Waendeshaji wengi hudhani kwamba karatasi ya bima ni ya kumwonyesha polisi njiani. Sivyo. Chukua mfano wa mama aendaye kazini, akaangushwa na kuvunjika mguu kwa uzembe wa mwendeshaji. Mahakama ikimpa haki, kampuni ya bima yaweza kutakiwa kumlipa hadi shilingi 3,000,000. Pasipo bima, atamdai kijana ambaye pengine hana mali yo yote ila pikipiki yenyewe, nayo bado ina deni. Mwenye pikipiki aliyemwajiri kijana huyo aweza kushtakiwa pamoja naye, hata kama siku hiyo alikuwa nyumbani amelala.

Yako makosa matatu yawezayo kuipa kampuni ya bima sababu ya kubisha. La kwanza ni bima ya mwezi mmoja iliyokwisha jana, ikaachwa ingojee siku ya mapato. La pili ni kubeba abiria kwa malipo kwa bima ya matumizi ya binafsi, ambayo bei yake ni nafuu. La tatu ni kumwachia pikipiki mtu asiye na leseni. Abiria naye ajihadhari: akikataa kuvaa helmeti, hakimu aweza kumpunguzia fidia, kwa kuwa alichangia maumivu yake mwenyewe.

Liko jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Bima hii ya lazima haimlindi mwendeshaji mwenyewe. Akigongwa na lori kwa kosa la dereva wa lori, atadai kwa bima ya lori. Lakini akiteleza peke yake katika mchanga au mvua, bima hiyo haina cho chote cha kumpa. Kwa hiyo yafaa akate bima yake binafsi ya ajali, na alipe michango ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Ajali ikitokea, aliyeumia au jamaa yake aandike namba ya pikipiki au gari na habari za bima, kisha atoe taarifa polisi. Atunze karatasi zote za hospitali, na daktari amjazie fomu ya P3. Asikubali upesi fedha kidogo za kumalizia mambo kando ya barabara, maana mfupa uliovunjika hauoni gharama zake siku ile ile. Wala asikae mno: kesi ya madai ya namna hii hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini umaskini ufuatao ajali unayo kinga. Bima hununuliwa kabla ya safari. Baada ya kuanguka, hakuna duka liiuzalo.