Kisangani: kwenye site yako, ni viungo gani vya kuweka na gani vya kuacha?

Mutu wa Kisangani akifungua site yake, iwe ya biashara, ya muziki ao ya shirika, chini kabisa anapanga viungo vya mitandao: Facebook, WhatsApp, TikTok, X. Wengi wanaweka vyote. Lakini kila kiungo ni mulango, na mulango unahitaji mulinzi.

Jambo la kwanza, mitandao inakatwa. Desemba 31, 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, karibu majuma matatu. Februari 2025, kisha M23 kuingia Goma, X na TikTok zilisumbua mu inchi. Mwenye kuweka kiungo cha X peke yake, wateja walifinya bila kupata kitu. Kwa hiyo, avenue, commune na namba ya simu ziandikwe wazi kwenye site yenyewe.

Lakini namba gani? Kiungo cha WhatsApp kinaonyesha namba kwa kila mutu, hata mwizi. Kama ni ile ile ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, matapeli wanajua pa kuanzia: watapiga, watadanganya, wataomba code. SIM ya pili, ya kazi tu, ni bei ndogo kupita hasara hiyo.

Kwa Facebook, tofauti ni kati ya ukurasa wa kazi na profil ya mutu mwenyewe. Profil inaweza kuonyesha watoto, jamaa na maneno ya zamani. Kisangani jambo hili ni zito: tangu 2023 mapigano ya Wambole na Walengola yalifika hadi Lubunga, ngambo ya mto. Picha moja uliyopartagé bila kuwaza inaweza kufanya mteja aseme uko upande fulani.

Sheria nayo iko. Kifungu 360 cha Code du numérique ya Machi 13, 2023 kinaazibu mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mutu: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, ao moja kati ya hizo.

Basi viungo viwili ao vitatu vinatosha: vile unavyojibu kila siku, na ambavyo wewe mwenyewe unashika mot de passe yake. Compte iliyolala tangu mwaka jana, ondoa kiungo chake. Mteja akiandika pale bila jibu, atafikiri umefunga.