Hesabu Kabla ya Kufuta

Wapo wanaodai kwamba fundi wa kompyuta wa leo hana haja ya kujifunza amri za kuandika, eti picha na vitufe vinamtosha. Dai hilo nalikataa.

Katika mfumo wa Linux ipo programu iitwayo LVM, ambayo Heinz Mauelshagen aliianza mwaka 1998. Programu hiyo huunganisha diski kadhaa zikawa ghala moja, kisha hulikata ghala hilo vyumba. Chumba kimoja chaweza kuanzia diski ya kwanza na kuishia ya tatu. Vyumba hivyo ndivyo voliumu za kimantiki. Mtu akichomoa diski moja na kuitazama kwa kompyuta ya Windows, haoni faili hata moja. Huenda akashauriwa aiandae upya. Akikubali, msiba umeingia. Hata amri ya df, ambayo wengi huishia hapo, hutaja tu kile kilichokwisha kupachikwa kwenye mfumo. Voliumu iliyolala haimo.

Dawa yake ni fupi. Kwa ruhusa ya msimamizi, andika pvs, utajiwe diski. Andika vgs, utajiwe maghala. Andika lvs, utajiwe kila voliumu, ghala lake na ukubwa wake. Ukiongeza -a baada ya lvs, hata zile za ndani zilizofichwa hujitokeza. Nayo lvscan husema ipi i macho na ipi imelala. Amri hizi zinaorodhesha tu. Hazifuti faili yoyote.

Wataniambia kwamba huko ni kukariri. La hasha! Ni kuhesabu mali. Mwalimu mkuu mpya hapokei stoo ya shule kwa kuchungulia dirishani. Hufungua leja, akahesabu madawati na vitabu kimoja kimoja. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Alama za mtihani za mwanachuo zikifutwa kwa sababu fundi aliona skrini tupu, nani atamrudishia miaka yake?

Kwa hiyo nasema wazi: chuo kisimpe cheti cha ufundi yeyote asiyeweza kukaa mbele ya mashine asiyoijua akaorodhesha voliumu zake zote kwa kuandika. Asiyejua kilichomo hana haki ya kufuta.