Mkate Uliolala

Wako wapishi wa zama hizi wafundishao kwamba chakula kile kitamu cha mkate uliochovywa katika mayai na maziwa kisha ukakaangwa, ambacho Waingereza hukiita tosti ya Kifaransa, hakipikiki ila kwa mkate mpya, mnene na mwororo, uliotoka tanurini asubuhi ile ile. Mkate uliolala, wasema, ni wa kuku. Mafundisho haya yana wafuasi wengi, hasa miongoni mwa vijana. Yafaa yapingwe, kwa kuwa ni makosa ya historia, ni makosa ya upishi, na ni makosa ya adabu.

Kwanza historia. Wafaransa wenyewe hawakiiti chakula hiki kwa jina la nchi yao. Wao hukiita pain perdu, maana yake mkate uliopotea. Yaani mkate uliokuwa umekwisha kuhesabiwa hasara, ukaokolewa. Wajerumani hukiita Arme Ritter, askari wa farasi walio maskini. Majina haya hayakutungwa na watu waliokuwa wakichezea mkate mpya. Jina la Kiingereza, kwa upande wake, halina uzito wa kutegemewa. Katika kitabu cha upishi cha Robert May, kilichotoka mwaka 1660, tosti za Kifaransa ni mkate uliobanikwa na kuloweshwa katika mvinyo, sukari na maji ya machungwa, yai halimo. Na mwaka 2003, Ufaransa ilipopinga vita vya Iraq, migahawa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilikibandika chakula hiki jina la tosti ya uhuru, hata mwaka 2006 jina la zamani likarudishwa. Kwa muda wote huo ladha yake haikubadilika hata chembe. Majina huja na kupita. Kilichobaki ni hekima ya kuokoa mkate.

Pili upishi. Mkate ukaapo siku moja au mbili, wanga uliolainishwa na moto wa tanuri hujipanga upya na kukaza, na unyevu wa ndani huhama kuelekea ganda na hewani. Kwa hiyo mkate uliolala una nguvu: hunywa maziwa na mayai bila kusambaratika. Mkate mpya tayari umejaa unyevu. Ukichovywa huraruka, na ukikaangwa huwa mkavu nje na uji ndani. Wapishi wale wale wasifuo mkate mpya walijua jambo hili, ndiyo sababu huagiza vipande vikaushwe kwanza katika tanuri. Je, hilo ni nini ila kununua kwa moto na kwa fedha ule uzee ambao mkate wa jana hutoa bure?

Kazi yenyewe ni nyepesi. Vipande vinne vya mkate huhitaji mayai mawili, nusu kikombe cha maziwa, kijiko kimoja cha sukari, chumvi kidogo na hiliki iliyotwangwa. Mkate ulowe hata kiini kipate maji, kisha ukaangwe kwa samli juu ya moto wa taratibu. Moto mkali huunguza sukari kabla yai halijaiva ndani. Wapendao utamu zaidi na wamiminie asali mezani, wala wasiijaze sukari katika mchanganyiko.

Watasema wapinzani kwamba mkate wa zamani hudhuru. Mkate ulioota ukungu hudhuru kweli, na wote hutupwa, kwani nyuzi za ukungu hupenya ndani zisikoonekana kwa macho. Lakini kulala si kuoza. Asiyeweza kutofautisha mambo haya mawili na ajifunze kunusa na kutazama kabla ya kujifunza kupika.

Tatu adabu, na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Kiporo cha wali hupashwa moto kikaliwa kwa chai, na hakuna mwenye nyumba aonaye haya. Kwa nini basi kiporo cha mkate kidharauliwe? Ni kwa sababu mkate wa ngano umevikwa heshima ya chakula cha wenye nafasi, na wengi hudhani kwamba heshima haikai pamoja na uchakavu. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini Kenya na Tanzania hununua sehemu kubwa ya ngano yao kutoka ng'ambo, na fedha za kigeni zinunuazo ngano hiyo hutokana, pamoja na mengine, na jasho la wakulima wa chai na kahawa. Anayetupa kipande kizima cha mkate kwa kuwa kimekauka hutupa pamoja nacho kazi ya mikono asiyoijua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mkate huoza, hilo halina ubishi. Lakini kati ya upya wake na uozo wake ziko siku mbili tatu ambazo ni akiba. Mwenye mayai mawili na maziwa kidogo hana udhuru wa kuzipoteza.