Bibi Yangu Si Mkaidi

"Bibi, wewe mkaidi kweli." Muuguzi alisema hivyo huku akifunga daftari la kliniki, foleni nzima ikisikia. Kosa la bibi: siku nyingine anaruka kidonge kimoja cha sukari.

Ningekubaliana na muuguzi kama nisingekuwa namjua bibi. Anaishi Pangani, hapa Kibaha, na ana miaka 71. Kuna siku anakula milo mitatu. Kuna siku chai ya rangi na kipande cha muhogo ndivyo vinavyomfikisha jioni. Kidonge anachokiruka ni glibenklamaidi. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na hakijali kama umekula au hujala. Ukikimeza na tumbo tupu, sukari inaweza kushuka hadi ukatoka jasho, ukatetemeka, ukapotelewa na maneno. Mwaka jana alikimeza alfajiri kama alivyoagizwa, kisha akapanda daladala kwenda kliniki bila kula, kama alivyoagizwa pia, ili apimwe. Alianguka kituoni. Aliyemwokoa ni muuza soda.

Tangu siku hiyo ana kanuni yake: hakuna chakula, hakuna glibenklamaidi. Metfomini haiachi. Ile hupunguza sukari inayotengenezwa na ini, na ikitumika peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Bibi hakusomea famasia. Aliusoma mwili wake.

Sasa tuulizane, mkaidi ni nani? Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenklamaidi haifai kwa waliovuka miaka 60, na imeweka gliklazaidi. Bibi ameuvuka mpaka huo kwa miaka 11, na muda wote huo hakuna aliyemuuliza swali la maneno matatu: jana ulikula nini?

Sisemi watu watupe dawa. Sukari isiyotibiwa huharibu macho, figo na miguu, na anayetaka kuacha kidonge aseme na daktari kwanza. Lakini sisi tuliosoma tumezoea kutuma "meza dawa kwa wakati" kwenye magrupu ya familia, halafu tunalala tukidhani tumetibu. Kumwita mgonjwa mkaidi ni rahisi kuliko kumuuliza ana nini jikoni.

Kliniki ijayo nakwenda naye. Nitaomba kidonge kibadilishwe, na kabla ya hapo nitaomba aulizwe lile swali.