Mavi ya Muheto na makala ya Goma

Ndugu mwandishi anayetaka mavi ya ng'ombe wa Muheto, huko Masisi, yapikwe yawe makala, yaani makaa ya kupikia ya Goma, ili miti ya msitu wa Virunga ipone, kemia yake ni sahihi. Mwanakemia Friedrich Bergius alieleza tangu 1913 jinsi maji ya moto yanavyogeuza mimea kuwa kitu kama makaa ya mawe. Tena mavi hayahitaji kuanikwa, faida kubwa kwa milima ya mvua kama Masisi.

Lakini chungu hakukitaja! Kazi hiyo hutaka nyuzi 180 hadi 250 ndani ya chuma kilichofungwa, kwa shinikizo la mara 10 hadi 40 ya lile la hewa. Kikipasuka, kinaua. Moto wake utatoka wapi, kama si kuni zilezile? Na mavi nani atayaokota? Ng'ombe wa Masisi hushinda malishoni, na wangapi wameshaporwa na wenye bunduki. Maji yanayobaki ni machafu, nayo yamebeba sehemu ya naitrojeni ambayo shamba la viazi linaihitaji.

Mwenye ng'ombe wachache wanaolala zizini ajengewe kwanza mtambo wa biogesi: hautaki moto wala shinikizo, na tope lake hurudi shambani. Chungu cha Bergius kijaribiwe kwenye machinjio ya mjini Goma, mavi yanakorundikana yenyewe.