MASHAURI YA GARAJI: Kuinua jipu

Vijana wa kwetu wanapenda jipu ya kusimama juu, isinaswe na matope ya masika. Vema, ndugu, lakini pima kwanza.

Tuseme una Wrangler ya 1999. Iko na resorti za kuzunguka mbele na nyuma. Mikono mifupi ya chuma njo inashika ponti. Ukiinua sentimetre 5, ile mikono inatosha, usipoteze franga. Ukipita 10, inainama sana: kila shimo pigo linapanda mu shasi, usukani unatangatanga. Hapo nunua mikono mirefu, sababu yenyewe inalala.

Tazama pale inaposhikia shasi. Bamba liwe nene, na mwenye kuchomelea awe fundi kweli, hapana mtu wa kuchomelea viti! Uliza pia kama mipira ya viungo inapatikana hapa kwetu.

Muuzaji akikuonyesha resorti na amortisa tu, mwulize: mipira mirefu ya freni iko wapi? Gurudumu likishuka mu shimo, mpira mfupi unavutwa, unakatika. Na nyuma umepakia watoto. Kardani nayo ipimwe upya. Kisha safari ya kwanza, rudi ukaze buloni zote.