Tiba ya akili: manahodha wengi, chombo kimoja

Kwetu Pwani mtu akishikwa na maradhi ya akili hatibiwi na mtu mmoja. Asubuhi hupelekwa hospitali, alasiri husomewa na mwalimu wa chuo akanyweshwa kombe, na usiku ukiingia shangazi yake humtoa kwa mlango wa uani akampeleka kwa mganga. Siku hizi amezidi wa nne, naye ni mshauri nasaha, mwenye chumba chake na viti viwili vinavyotazamana.

Watu hawa wanne hawajuani. Daktari hajui kuwa mgonjwa anakunywa mizizi. Mganga hajui kuwa mgonjwa ana vidonge. Mwalimu hana habari kuwa kuna mshauri, na mshauri akitajiwa mwalimu hukunja uso. Mgonjwa mwenyewe, ambaye akili yake tayari imechoka, ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwapatanisha.

Nasema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: kuchanganya tiba si kosa, na wala si jambo jipya. Kosa ni kuchanganya kwa siri, na kuchanganya pasipo mtu mmoja aliyeshika usukani.

Tuanze na hao washauri, maana wao wenyewe walibishana kwa miaka mingi kuhusu jambo hili. Sigmund Freud, kule Vienna, alifundisha kwamba dawa ni kuyachimbua yale yaliyozikwa moyoni tangu utotoni. Wakaja watu wa tabia wakasema yaliyopita si ndwele, tumfundishe mtu kutenda vingine. Carl Rogers wa Marekani akanena kuwa mgonjwa ndiye ajuaye njia yake, kazi ya mshauri ni kumsikiliza kwa moyo safi asimhukumu. Kisha Aaron Beck, katika miaka ya 1960, akaonyesha jinsi fikra potovu zinavyozaa huzuni, akawa akiwapa wagonjwa wake kazi za kufanya nyumbani, wazipime fikra hizo kama zina ukweli.

Kila mmoja alikuwa na wafuasi wake, na kila kundi lilidai kuwa lake ndilo. Lakini mapema, mwaka 1936, Saul Rosenzweig alikwisha kuandika kwamba njia hizi zinazogombana huenda zote zinaponya kwa sababu ya mambo zinazoshirikiana, kama vile utu wa mganga mwenyewe na maelezo yanayoingia akilini.

Aliyeliweka jambo hili katika vitendo ni Arnold Lazarus, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekwenda kufanya kazi Marekani. Yeye alimtazama mgonjwa katika sehemu saba: matendo yake, hisia zake, mwili unavyosikia, picha zinazomjia akilini, fikra zake, uhusiano wake na watu, na afya ya mwili pamoja na dawa anazotumia. Akisha kujua palipoharibika, huchukua chombo kinachofaa mahali hapo, bila kujali kimetoka katika duka la nani. Hata hivyo aliwaonya wenziwe kwamba kuazima chombo ni jambo moja, na kukoroga imani zinazopingana ni jambo jingine.

Onyo hilo lina maana. Mshauri akimwambia mtu leo, "Wewe ndiwe mwamuzi wa mambo yako," kisha wiki ijayo akampa amri kumi za kutimiza bila kumweleza kwa nini amebadilika, amemvuruga. Wako wanaookota mbinu hii katika semina ya siku mbili na ile katika kitabu, wakaziita zote pamoja ujuzi. Huo si mchanganyo, ni kubahatisha, na anayebahatishwa ni binadamu.

Hapa atasimama mtu aniulize: sisi Waislamu tuna haja gani na mambo ya Wazungu? Nimelelewa chuoni, basi na nimjibu kwa lugha ya chuoni. Tulifundishwa kwamba kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mungu. Na zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, kuhusu maslahi ya mwili na nafsi kwa pamoja. Aliwalaumu matabibu walioshughulikia mwili wakaisahau nafsi. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyo na sababu inayoonekana, ambayo yeye aliihesabu kuwa imetokana na mwili. Ya kwanza itibiwe kwa maneno na mazingatio, ya pili itazamiwe tiba ya mwili. Kumpa kila mmoja kinachomfaa ndiko anakotaka mshauri wa leo.

Bara letu nalo limetoa mfano. Mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta katika Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea Uingereza, alianza kuwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za wanakijiji jirani na hospitali badala ya kuwafungia. Mgonjwa alikuja na jamaa yake, mchana akatibiwa hospitalini, jioni akarudi kijijini kula na watu. Na waganga wa jadi Lambo hakuwafukuza. Aliwaita wakafanya kazi naye, chini ya macho yake. Kazi waliifanya wengi, lakini nahodha alijulikana.

Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafunza nyanya wa mitaani kukaa na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati. Nyanya yule hutumia hekima yake na lugha yake, lakini hufuata hatua za tiba iliyopimwa: kufungua moyo, kuchagua tatizo moja, kulitafutia njia. Akiona mtu ana hatari ya kujiua hambakizi benchini, humpeleka mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Turudi kwetu. Hebu tumtazame kijana wa unga, maana hakuna mtaa wa Pwani usiomjua. Methadoni, ambayo kliniki yake ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, humtuliza arosto, lakini haimwambii afanye nini akipita maskani na wenziwe wakamwita. Hapo pana kazi ya mshauri wa tabia. Na kama alianza unga baada ya kufa mamake, iko huzuni chini yake, nayo yataka msikilizaji wa namna nyingine. Nyumbani babake hajasema naye mwaka mzima, basi lazima wazee waketi. Na msikitini anahitaji safu ya kusimama pasiwe na mtu wa kujitenga naye. Ukiondoa moja katika haya, yaliyobaki hulemewa.

Lakini akitokea mtu akamwambia kijana huyo aache methadoni ghafla kwa kuwa kisomo kinatosha, amemrudisha mtaani. Hali kadhalika mshauri anayemwambia aache kisomo kwa kuwa ni ushamba, atampoteza. Kijana hatarudi tena katika kile kiti. Mimi siwezi kumhesabu yeyote kati yao kuwa ni mtaalamu.

Siri ndiyo iliyotuponza zaidi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria za jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, basi jamaa walimficha hata kwa daktari. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu ya polisi imepata jibu. Imebaki hofu ya majirani, nayo haiondolewi na hakimu.

Tunayo pia Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka wafanyao kazi hii wasajiliwe. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza. Na aulize mambo manne kabla ya kukaa kitini. Umesajiliwa? Waonaje shida yangu, na njia utakayoishika ni ipi? Dawa zangu na visomo vyangu nikikutajia, utavisikiliza? Na tukiona hakuna nafuu, utanipeleka kwa nani?

Mwenye ujuzi hataudhika na maswali hayo. Nao jamaa wajibu wao ni kumteua mmoja kati yao, awe dada au mjomba, kwa ridhaa ya mgonjwa, ajue dawa zote zinazoliwa na milango yote inayobishwa, na amwambie daktari bila kuficha.

Serikali za kaunti za Pwani nazo zisingoje. Ziwaite maimamu, wachungaji, waganga, wauguzi na washauri wakae katika chumba kimoja, wakubaliane ni dalili zipi ambazo kila mmoja wao akiziona atampeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Ukumbi upo na watu wapo. Kilichokosekana ni mwaliko.